Namna Umeme Ulivyowafikia Watu: Unguja na Tanganyika, kutoka Kasri hadi Kitongoji

Nuru ya kasri, 1883 hadi 1914

Sayyid Barghash bin Said, aliyekalia kiti cha enzi cha Unguja tangu mwaka 1870 hata alipofariki mwaka 1888, alikuwa mtu mwenye shauku kubwa ya maarifa mapya ya ulimwengu, wala hakusita kuyanunua kwa mali nyingi. Na katika majumba yote aliyoyajenga hakuna lililowastaajabisha watu kama Beit al-Ajaib, lililosimama mbele ya bandari mwaka 1883, lenye roshani zilizolizunguka na nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Jumba hilo ndilo linalosifika kuwa la kwanza katika Afrika Mashariki kuwashwa taa za umeme, na wageni walioshuka forodhani usiku waliuona mwanga wake kabla ya kuuona mji wenyewe. Sayyid huyo huyo alivuta maji safi kutoka chemchemi za mashamba hadi mjini kwa manufaa ya raia, na hiyo ni sadaka ambayo watu wa Unguja hawajaisahau hata leo. Ama umeme haukutendewa hivyo. Ulikuwa pambo la enzi, na nje ya kasri na barabara zilizokuwa jirani nayo watu waliendelea na vibatari vyao vya mafuta kama walivyorithi kwa wazee wao.

Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa ndani yake imo sura ya historia yote iliyofuata. Tangu siku hiyo hadi leo swali zito katika nchi zetu halikuwa kama nguvu ya umeme yaweza kupatikana, maana kila zama ilipatikana kwa namna moja au nyingine. Swali lilikuwa ni nani atakayehesabiwa miongoni mwa wanaostahili kuletewa waya mlangoni.

Masimulizi ya shirika la umeme la Kenya yanaeleza kwamba mtambo alioununua Sayyid Barghash ulikuja kuchukuliwa mwaka 1908 na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, na kwamba hapo ndipo ilipozaliwa kampuni ya kuusambazia umeme mji ule. Mwaka huo huo wa 1908, kwa sadfa ya ajabu, Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam: katika karakana za reli, na katika ile sehemu ya mji waliyokaa wakubwa wa serikali. Mitaa ya Waafrika haikuwamo katika mpango, wala hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini haimo.

Kampuni na mkonge, 1920 hadi 1961

Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha na Waingereza wakaitwaa Tanganyika, mitambo ya Wajerumani iliwekwa mwaka 1920 chini ya idara ya serikali, nayo ikaendeshwa hivyo kwa muda wa miaka kumi na kitu, hata mwaka 1931 serikali ikaamua kuutua mzigo ule na kuukabidhi kwa kampuni mbili za watu binafsi. Moja, iliyojulikana kwa ufupi kama DARESCO, ilipewa Dar es Salaam na wilaya zake. Ya pili ilikuwa TANESCO. Haukupita mwaka mzima ila kampuni ya Afrika Mashariki iliyokuwa na makao yake Nairobi, iliyoundwa mwaka 1922 kwa kuunganisha zile za Nairobi na Mombasa, ikajipatia hisa nyingi katika TANESCO, na hivyo umeme wa Tanganyika ukawa kwa sehemu kubwa unaamuliwa nje ya Tanganyika.

Kampuni ni kampuni. Hutafuta faida, na si haki kuilaumu kwa kuitafuta. Lakini lazima msomaji aone matokeo yake. Katika miaka ya 1930 maporomoko ya mto Pangani yalifungwa mitambo ya kuzalisha umeme, na huo ukapelekwa kwenye mashamba ya mkonge na mji wa Tanga, kwa sababu mkonge ndio uliokuwa ukiipatia nchi fedha za kigeni na viwanda vya kukamulia singa vilihitaji nguvu ya kuendeshea mashine usiku na mchana. Waya zilipita juu ya vijiji vya Wabondei na Wasambaa bila ya kushuka. Mtu aliyekata mkonge mchana kutwa alirudi jioni kambini akawasha kibatari chake, ilhali mashine iliyoula mkonge ule alioukata ilinguruma kwa nguvu ya mto uliopita karibu na shamba lake la mahindi.

Miji mingine ilipata mitambo ya mafuta, mmoja mmoja, hapa Arusha, pale Mwanza, kwa kadiri ya idadi ya maduka, ofisi na nyumba za wazungu. Mitaani, arusi na ngoma za taarabu ziliwashiwa karabai, na anayekumbuka mlio wake anajua kuwa ile nayo ilikuwa fahari ya mtu mwenye uwezo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, umeme ulikuwa bado ni jambo la watu wachache wa mijini.

Maji ya mito, 1961 hadi 1990

Serikali ya wananchi ilinunua hisa, ikaziunganisha kampuni mbili kuwa moja, na katika muda wa miaka ya 1960 na 1970 TANESCO ikawa shirika la umma. Mabadiliko haya yalikuwa makubwa kuliko yanavyosemwa kwa kawaida. Si kwamba shirika lilipata fedha ghafula, la. Bali kwa mara ya kwanza mkulima wa Dodoma aliweza kusema kuwa shirika lile ni lake, na kuuliza ni lini litamfikia.

Jibu la wakati ule lilikuwa ni mabwawa. Kituo cha Hale, katika mto ule ule wa Pangani, kilianza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21. Nyumba ya Mungu ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1960. Kisha ikaja kazi kubwa ya Ruaha Mkuu. Kituo cha Kidatu kilifunguliwa mwaka 1975 kwa msaada na mikopo ya nje, nayo Sweden ikiwa mstari wa mbele. Kikapanuliwa hata kikafikia megawati 204, na juu yake, huko Mtera, likajengwa bwawa la kuhifadhi maji, ambalo mnamo mwaka 1988 nalo likafungwa mitambo yake ya megawati 80. Maji yale yale yakawa yanafanya kazi mara mbili, kwanza Mtera na kisha Kidatu, na waya za msongo mkubwa zikaiunganisha Dar es Salaam na mikoa ya kaskazini, ya kati na ya kusini magharibi katika kile tunachokiita gridi ya taifa. Mwaka 1980 waya wa chini ya bahari ulitandazwa kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Unguja, iliyotangulia wote kuwasha taa, ikawa inapata umeme wake kutoka kwenye mito ya bara.

Wahandisi waliozifanya kazi hizo walistahiki heshima kubwa, na taifa lililokuwa maskini lilijijengea rasilimali ambayo inatutumikia hata sasa. Lakini mambo mawili hayakutazamwa vya kutosha. La kwanza ni kwamba gridi ilijengwa kuunganisha miji na viwanda, na kijiji kilichokuwa njiani kilibaki kutazama minara. La pili ni kwamba sehemu kubwa mno ya umeme wa nchi ilikuwa imetegemezwa juu ya mvua, na tena juu ya mvua za bonde moja.

Miaka ya mgawo, 1992 hadi 2008

Mto Ruaha Mkuu, ambao haukujulikana kukauka, ulianza mwaka 1993 kukatika kabisa wakati wa kiangazi pale unapopita katika mbuga ya wanyama, ukabaki madimbwi yenye viboko waliosongamana. Sababu zake zilibishaniwa sana. Wengine waliwanyoshea kidole wafugaji walioingiza ng'ombe wengi katika ardhi oevu ya Usangu na Ihefu, wengine wakulima wa mpunga waliochepusha maji kwa mifereji kiangazi kizima, na wako wataalamu waliodai kuwa namna yenyewe ya kuyaendesha mabwawa ilichangia upungufu. Mzigo wa adhabu, hata hivyo, haukugawanywa kwa usawa kama lawama: mwaka 2006 ni wafugaji waliohamishwa Usangu pamoja na mifugo yao.

Mijini watu walilijua jambo hili kwa jina moja tu, mgawo. Mwaka 1992, 1994, 1997 na kwa ukali zaidi 2006, maisha ya mji yalipangwa kwa ratiba ya kukatika umeme. Mshonaji alishona usiku wa manane kwa kuwa ndio zamu ya mtaa wake, muuza samaki akatupa samaki walioharibika, na mwenye uwezo akanunua jenereta. Katika shida hiyo ndipo walipoingia wafanyabiashara wa umeme wa dharura. Mkataba wa kampuni ya IPTL, uliosainiwa mwaka 1995 kwa ajili ya mitambo ya mafuta mazito ya megawati 100 huko Tegeta, ulizua kesi na malumbano ambayo hayakwisha kwa miaka ishirini. Na ule wa kampuni ya Richmond wa mwaka 2006, ambao mitambo yake haikuwasili kwa wakati uliopangwa, uliundiwa kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na taarifa yake ikamfanya Waziri Mkuu, Edward Lowassa, ajiuzulu Februari 2008. Raia aliyekuwa akilipa kwa mita ya LUKU alilipia pia gharama za mikataba ile, alijua asijue.

Haya yalitokea ilhali nchi ina hazina nyingine. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini ya ardhi miaka thelathini kabla ya kufika Ubungo kuzalisha umeme mwaka 2004. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilipotangazwa, watu wa Mtwara walifanya maandamano na ghasia mwaka 2013, na damu ikamwagika. Walitaka kujua kwa nini utajiri wa kwao upite kwa bomba kama umeme wa Pangani ulivyopita kwa waya. Serikali iliona kuwa gesi ni mali ya taifa zima, na kwa sheria ilikuwa na haki. Lakini mkoa uliokuwa umeachwa nyuma tangu enzi za Wajerumani haukuwa na sababu ya kuamini ahadi kwa urahisi.

Unguja gizani, 2008 na 2010

Mwezi wa Mei 2008 umeme wa Unguja, uliotegemea waya ule mmoja wa chini ya bahari, ulikatika, usirudi kwa takriban mwezi mmoja. Mwezi wa Disemba 2009 ukakatika tena, na mara hii kisiwa kilikaa bila umeme hadi Machi 2010. Mtu asiyeishi kisiwani hudhani kuwa tabu ya giza ni giza. Tabu ya kwanza ilikuwa maji, kwa kuwa pampu zilisimama, na wanawake na watoto wakarudi kwenye visima vilivyokuwa vimesahauliwa, tena wakanunua kwa madumu maji waliyozoea kuyapata bure. Hospitali ziliendeshwa kwa jenereta za kukopeshana mafuta, mahoteli yakawapoteza wageni, na mafundi seremala, wachomeaji vyuma na wenye mashine za kusaga wakakaa barazani.

Mtaalamu wa uchumi Alfredo Burlando alichunguza baadaye kumbukumbu za kuzaliwa watoto Unguja, akabaini kwamba watoto ambao mama zao walikuwa wajawazito katika mwezi ule wa 2008 walizaliwa na uzito pungufu, jambo alilolihusisha na kupungua kwa kipato cha nyumba zilizotegemea kazi za umeme. Natamani kila mwenye kuamua habari za nishati ausome uchunguzi huo. Mwezi mmoja tu wa waya mmoja kukatika uliandikwa katika miili ya watu ambao hata walikuwa hawajazaliwa.

Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010 kwa msaada wa Norway, na Unguja ikapata waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100 mwaka 2013, safari hii kwa fedha za Marekani. Kisiwa kilijifunza pia kutazama juu: huko Kinyasini kilifunguliwa chuo ambamo kina mama wa vijijini, wengi wao wasio na elimu ya shule, wanafunzwa kuunganisha na kutengeneza taa za jua, kisha hurejea makwao kuwa mafundi wa vijiji ambavyo gridi haijavifikia.

Sheria ya 2005 na hesabu ya vijiji

Nikiulizwa ni tukio gani katika historia hii lililokuwa kubwa kuliko yote, sitataja bwawa. Nitataja sheria ya nishati vijijini ya mwaka 2005, iliyozaa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Wakati huo kaya zenye umeme vijijini zilikuwa kama mbili katika kila mia. Sheria ile iliweka mfuko wake, ikatoza ushuru mdogo katika biashara ya nishati, na juu ya yote ikakubali wazi kwamba kijiji hakiwezi kupimwa kwa mizani ya faida peke yake.

Hata hivyo nguzo kufika kijijini hakukuwa sawa na taa kuwaka ndani ya nyumba. Ada ya kuunganishwa ilikuwa zaidi ya shilingi 455,000, fedha ambazo mkulima wa mahindi hawezi kuzishika kwa pamoja isipokuwa auze ng'ombe. Mwaka 2013 ada ya vijijini ikashushwa hadi 177,000, na baadaye ikafikia 27,000. Hapo ndipo waliokuwa wakitazama waya kwa miaka walipoanza kujiandikisha, na mashine za kusaga, saluni, majokofu ya soda na vyumba vya kuchajia simu vikachipuka njia panda. Tanzania ina vijiji 12,318, na katika miaka hii ya karibuni gridi imevifikia karibu vyote. Vitongoji, ambavyo ni zaidi ya elfu sitini, bado; karibu nusu yake vilikuwa vimefikiwa kufikia mwaka 2024, na ndani ya kitongoji chenyewe nyumba zisizo na waya aghalabu ni nyingi kuliko zilizo nao.

Ulimwengu nao ulikuwa ukihesabu. Umoja wa Mataifa uliingiza nishati nafuu na safi kwa wote katika malengo yake ya mwaka 2015, likiwa lengo la saba, na mwaka 2030 ukawekwa kuwa kikomo. Bei ya umeme wa jua kwa mitambo mikubwa imeshuka kwa takriban asilimia 90 tangu mwaka 2010, neema ambayo hakuna aliyeitabiri kwa kiasi hicho. Na biashara ya kulipia taa ya jua kidogo kidogo kwa simu, iliyostawi kwanza Kenya kwa sababu watu walikwisha kuzoea M-Pesa, ikavuka mipaka. Hata hivyo mwaka 2023 watu milioni 666 walikuwa bado hawana umeme, na katika kila mia yao themanini na tano walikuwa Waafrika wa kusini ya Sahara, ambako watu huongezeka karibu kwa kasi ile ile ya kuunganishwa. Januari 2025 wakuu wa nchi walikutana Dar es Salaam katika mkutano wa Misheni 300, mpango ambao kwao Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zimeazimia kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030.

Rufiji, na gharama ya mto

Kabla ya kufika hapo Tanzania ilikuwa imekwisha kurudi mtoni. Korongo la Stiegler katika mto Rufiji lilipimwa na kujadiliwa tangu zama za Mwalimu Nyerere, likaachwa kwa kukosa fedha; mkataba wa kujenga bwawa hapo ulisainiwa Disemba 2018 na kampuni za Misri, maji yakaanza kujazwa Disemba 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, na mwaka uliofuata yote tisa ikawa tayari, jumla yake megawati 2,115. Sasa nchi ina umeme mwingi kuliko inavyoutumia.

Walioupinga mradi huo walisema kuwa ni ndani ya hifadhi ya Selous, urithi wa dunia, na kwamba kutegemea mvua tena ni kusahau miaka ya mgawo. Hoja zao si za kupuuzwa. Huko Kihansi, kituo cha megawati 180 kilichomalizika mwaka 2000 kiliyachukua maji yaliyokuwa yakirusha manyunyu korongoni, na chura mdogo wa rangi ya dhahabu, aliyegunduliwa mwaka 1996 na asiyepatikana popote pengine duniani, akatoweka porini. Amesalia kwa kuwa baadhi walikuwa wamepelekwa kulelewa Marekani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Nishati safi nayo ina deni lake, na ni vema deni hilo liandikwe mapema kuliko kugunduliwa baadaye.

Jikoni

Katika habari hizi zote, tangu kasri la Barghash, jiko halikutajwa, na hilo ndilo kosa kubwa la watu walioandika mipango. Kaya nyingi mno za Tanzania hupikia kuni na mkaa. Misitu ya Pwani na Morogoro huliwa kila siku na majiko ya Dar es Salaam, na moshi huingia katika vifua vya wanawake na watoto. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 ulimwenguni kwa mwaka 2020. Mwezi wa Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na siku chache baadaye mkutano uliofanyika Paris, ambao yeye alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, ukaahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika.

Ahadi ni njema, bali kizuizi kiko katika hesabu ya fedha za nyumbani. Mwenye kipato cha siku hununua mkaa wa siku, kwa kopo. Mtungi wa gesi hudai fedha za wiki nyingi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana nawasifu wale wanaouza gesi kwa mita jijini Dar es Salaam, mnunuzi akalipa kwa simu kadiri anayotumia. Ama umeme, bei ya mtumiaji mdogo ni shilingi 100 kwa uniti mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi, na sufuria la umeme la mvuke huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, bei ambayo mkaa hauwezi kuifikia. Lakini mpaka huo wa 75 watosha mtu wa taa, redio na televisheni. Mama atakayeacha mkaa na kupika milo yote kwa umeme ataweza kuuvuka kwa urahisi, na akiuvuka huhamishiwa katika daraja ambalo uniti yake hugharimu karibu mara tatu. Sasa kwa kuwa Rufiji inazalisha umeme unaotafuta watumiaji, mpaka huo wa uniti 75 unapaswa kupimwa upya, tena kwa hesabu inayoanza na chungu cha maharage badala ya balbu.